Nguchiro Mzee na Kidole Kilichofichwa

Mwenye mtoto aliyejaa furaha asimtazame uso, maana uso hudanganya. Amtazame mikono. Fundi cherehani mmoja alilijua hilo tangu zamani, na bado nusura limpite.

Alikuwa anakunja upindo wa pazia la mteja pale binti yake alipoingia mbio, mchana kweupe, saa za kazi. Huyu binti nyumbani walimwita Kiherehere tangu anatambaa, na shahada mbili hazikumfutia jina. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ubongo wa wanyama wa porini, kwenye maabara ya chuo.

"Mama, tumempata," alisema, hata viatu hajavua. "Mzee kabisa. Meno yamelika kama ya bibi."

"Meno ya bibi yako yaache. Mmempata nani?"

"Nguchiro. Dume la porini. Yuko kwenye mtego maabara, nimekuja kubadilisha shati tu nirudi."

Lakini shati hakubadilisha. Alizunguka meza ya kukatia vitambaa akimwaga maneno kama gunia lililotoboka. Zamani, alisema, wataalamu waliamini ukishakomaa, ubongo ndio basi, hauoti chembe hai nyingine. Halafu wakaona kwa panya wa maabara zinaota.

"Sasa panya wa maabara, Mama, ni mgeni wa hoteli. Analishwa, analala, mwewe hamjui. Je, huyu wa porini, aliyekimbizwa maisha yake yote, mpaka uzee huu? Kama anazo chembe changa, tukishapaka rangi yetu zitawaka kijani chini ya hadubini. Kijani kama taa. Ila ubongo ukichelewa kuingia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, zinaharibika."

Mama mtu mguu ulishaachia cherehani zamani. Darasa la saba ndilo lililokuwa mwisho wake, lakini jambo tamu halihitaji cheti.

"Na mimi je? Kichwani mwangu zinaota?"

"Kwa binadamu bado wanabishana."

"Wabishane polepole. Mimi natafuta miwani na ipo puani."

Wakacheka wote wawili. Kiherehere akaanza kufungua vifungo vya shati, na hapo ndipo mama alipoona. Alikuwa anafungua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, umekunjwa.

"Lete mkono."

"Mama, nachelewa."

"Utachelewa. Lete."

Kidole gumba kilikuwa kimezungushiwa karatasi ya gundi, ile wanayobandikia chupa za maabara. Mama akaibandua. Maisha yake yote sindano zilikuwa zimemchoma, na sindano huacha tundu moja. Hapa yalikuwa mawili.

"Glavu ilikuwa wapi?"

"Ni nene, Mama. Mlango wa mtego ulikwama, nikavua moja, dakika tu."

"Na huyo mzee wenu mlimkamataje?"

"Hata hakutusumbua. Alikuwa amekaa tu kwenye maegesho ya magari, jua kali, watu wanapita, wala hakimbi..."

Mnyama wa porini asiyemkimbia mtu: hata fundi wa mapazia alijua hiyo si dalili ya upole.

"Kumbe ulijua," mama alisema.

"Nilijua. Nikisema, daktari wa mifugo atakuja kupima kichaa cha mbwa. Na kichaa kinapimwa kwenye ubongo, Mama. Atabeba kichwa chote, na mzee kama huyu tumemtafuta mwaka mzima."

"Na mtoto kama wewe mimi nimemtafuta miaka mingapi?"

Hakungoja jibu. Alimkokota hadi bombani, akafungulia maji, akasugua lile jeraha kwa sabuni robo saa nzima huku binti akilalamika kama mtoto anayeoshwa kichwa. Kisha wakaenda hospitali, mama bado na tepu ya kupimia shingoni. Kiherehere akachomwa sindano, nyingine pale pale penye jeraha, na mama akakaa mlangoni asije akatoroka. Ni yeye pia aliyempigia Profesa, mkuu wa maabara.

Walipofika maabara, nguchiro alikuwa ameshalazwa kwa dawa usingizi wa moja kwa moja, na daktari wa mifugo, bwana mmoja mwenye tumbo na utani, alikuwa anavaa glavu mbili mbili.

"Nani kakwambia nataka kichwa chote?" alimuuliza Kiherehere. "Mimi nachukua shina la ubongo na ubongo wa nyuma. Chembe zenu mnazitafuta huko?"

"Hapana," alisema Kiherehere, sauti imepungua. "Sisi ni sehemu ya kumbukumbu, ndani huku."

"Basi tungegawana. Ungeuliza tu, mwanangu."

Simu ililia kesho yake. Nguchiro alikuwa na kichaa. Kiherehere alikaa chini, katikati ya vipande vya vitambaa, na Profesa akamalizia kwenye spika: hata ile nusu iliyobaki haihesabiwi, ubongo mgonjwa hauwezi kusimama ushahidi wa wazima. Kwa hiyo kile alichokuwa tayari kukifia hakikuwa na faida hata kwa chembe zenyewe. Na ugonjwa ule ukishaanza kuonekana mwilini, waliopona ni wa kusimuliwa. Sindano zilizobaki alizimaliza zote, mama akimsindikiza kila mara.

Miezi ilipita kabla hawajapata mzee mwingine, mkali, aliyewakimbia hasa, akakamatwa kwa glavu mbili. Kichaa hakikuonekana kwake. Siku rangi ilipokauka Kiherehere alipiga simu akihema, "Mama, acha kila kitu, njoo."

Chumba kilikuwa giza, hadubini inanguruma kidogo. Kiherehere hakutulia, anaruka mguu huu na huu, anavuta kiti, "Kaa hapa, Mama, weka jicho hapa."

"Kwanza vidole."

"Mama, jamani."

"Vyote."

Kiherehere akanyoosha mikono mbele ya mwanga wa kompyuta. Mama akavipitia kimoja kimoja, mbele na nyuma, kama anayekagua mshono. Vilikuwa vizima. Ndipo akainama.

Gizani, kwenye mstari uliopinda kama ukingo wa kikombe, vilikuwepo vidoa vya kijani. Si vingi. Hapa kimoja, pale viwili vimeegemeana, na kila kimoja kimetoa kijimzizi chembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuutunga. Uzeeni, porini, katikati ya mbio zote zile, vimeota.

"Unaviona?"

"Ngoja," alisema mama, na asiondoe jicho. "Ngoja kwanza, usinisumbue."