Sweta Lenye Majina Matatu

Niliusikia uvumi ule saluni kwa wifi yangu: kuna mtoto alifuatwa getini kwa shule na mtu aliyemwona kwenye tangazo la mtandaoni. Aliyeusimulia alikuwa na rola kichwani, naye alisimuliwa na jirani yake. Hakuna aliyejua ni shule gani wala mtoto ni wa nani. Wenzangu wakaguna, kisha wakahamia kwenye harusi ya mtu. Mimi nilirudi na uvumi ule nyumbani. Nikafua nao, nikala nao. Jioni hiyo hiyo nikampiga marufuku binti yangu mkubwa kuweka picha yoyote ya mtu wa nyumba hii mtandaoni.

"Hata ya paka?" akauliza.

"Hata ya kivuli cha paka."

Mimi nafuma masweta ya shule. Nimeishia darasa la saba, lakini mashine ya kufumia naijua kama ninavyoijua sauti ya wanangu. Watu hawanifuati kwa sweta tu. Wananifuata kwa herufi. Masweta ya shule yote yanafanana, na watoto huyapoteza kila siku, kwa hiyo nadarizi majina ya mtoto kifuani, matatu kamili, kwa uzi wa manjano. Mzazi akiona jina la mwanawe limekaa vile, hutabasamu kama aliyeona cheti.

Basi wiki mbili baada ya lile katazo langu nikakuta watu wamejaa kwa wifi mpaka barazani.

"Kulikoni, wifi? Unagawa nywele bure?"

"Nagawa wapi! Mwanao kanitengenezea tangazo." Akanisogezea simu usoni. "Hebu ona nilivyotakata, na siku hiyo sikuwa hata nimenawa."

Nikaona. Jina la saluni limekaa juu kwa herufi nene, chini yake sura ya wifi na mitindo mitatu ya kusuka, na pembeni duara jekundu lenye namba ya simu. Kitu safi, kama kimetoka kiwandani. Wivu ukanishika, siwafichi. Nikamwita binti yangu, nikavuta kigoda, nikamwambia, "Haya, mwalimu, nifundishe."

Akanionyesha. Kuna programu huko mtandaoni yenye matangazo yaliyokwisha kupangwa, wanayaita violezo: unatoa picha yao unaweka yako, unafuta maneno yao unaandika yako.

"Gusa, mama, usigandamize. Hiyo si kengele ya mlangoni."

Nikagusa. Neno likafuata kidole changu. Nikalipeleka kushoto, likaenda, nikalirudisha, likarudi. Jamani! Miaka kumi na tisa nafumua safu nzima kwa kosa la kitanzi kimoja, leo nakosea, nagusa kishale cha kurudi nyuma, kosa halipo. Nikabadilisha rangi mara ishirini. Na rangi hakunifundisha mtu: nilijua manjano juu ya buluu iliyoiva itaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Binti yangu akanitazama, akasema, "Mama, wewe ulizaliwa na hii kazi." Nikavimba kwa fahari, na ule uvumi ukapata pa kujificha.

Asubuhi iliyofuata binti alikuwa anakwenda kuchukua cheti chake cha kumaliza shule. Akaniambia mlangoni, "Cheza nalo, mama, lakini usilitume. Nikirudi nilikague."

Saa nne nilikuwa nimemaliza. Nilichagua picha ya mtoto wangu wa mwisho, tunayemwita Pini kwa ulimi wake mkali, amesimama getini kwa shule yao siku ya kufungua, nyuma yake kibao cha shule. Nikaikuza mpaka kifua cha sweta kikajaa katikati, majina yake matatu yakasomeka kama kichwa cha gazeti. Si ndiyo kazi yangu niliyotaka ionekane? Na kwa kuwa nyumba yetu iko uchochoroni na wateja hupotea, nikaongeza chini: "Ukipotea, mwulize mtoto huyu. Hutoka shule saa saba, hurudi kwa miguu, atakuleta."

Nikaona nimemjali mteja. Kusubiri kukanishinda. Nikatuma kwenye kundi la wazazi, nikamtumia wifi, naye akawatupia wateja wake wote.

Simu ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea. "Mama masweta, nifumie mawili." "Mama masweta, rangi ya damu ya mzee unayo?" Nilicheka peke yangu, nikiandika vipimo ukutani kwa chaki kwa sababu daftari liliniwia mbali.

Saa saba na nusu nikasikia sauti ya Pini uchochoroni. "Mama! Nimekuletea mteja!"

Nikainua kichwa. Mwanangu wa miaka minane alikuwa anaingia, ameshikwa mkono na mwanamume nisiyemjua.

Uzi ulinidondoka.

"Habari za kazi, mama," yule mtu akasema kwa furaha. Alikuwa fundi rangi, ovaroli lake lina madoa meupe mpaka magotini. "Mwanao ni mtu mashuhuri. Nimemwita kwa majina yake matatu tu pale getini, akaja mbio. Mimi nina mapacha wanaanza shule."

"Pini," nikasema, "nimekwambia nini kuhusu watu usiowajua?"

"Lakini yeye ananijua, mama. Anajua majina yangu yote. Na amesema wewe ndiye uliyemwambia aniulize."

"Mimi sijamwambia mtu!"

"Umeandika, mama," fundi akasema taratibu. Akatoa simu, akaanza kunisomea. Alianza kwa sauti ya kuchangamka. Alipofika "saa saba," sauti ikapungua. "Kwa miguu" aliitamka kama anajisomea mwenyewe. Akamtazama Pini, akanitazama mimi. Kisha akauachia mkono wa mtoto.

"Nifute?" akauliza.

"Futa."

Akafuta, akanionyesha kioo. "Kwangu imetoka," akasema. Halafu akarudia, polepole zaidi, "Kwangu."

Binti mkubwa aliporudi hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Aliliondoa tangazo lile kundini, tukakaa kigodani tukatengeneza lingine: sweta limetundikwa kwenye kiti, kifuani nimedarizi JINA LA MTOTO. Limependeza kuliko la kwanza, nasema kweli, na mapacha wa fundi wameshavaa masweta yao. Lakini nilipomuuliza wifi aliwatumia watu wangapi, yeye asiyekosa mzaha alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Sijui, wifi," akasema. "Na wao wamewatumia wengine."

Sasa kila siku saa saba kasorobo niko getini kwa shule. Pini anaona haya. Ananitaka nitembee upande wa pili wa barabara. Natembea upande wa pili, namhesabia hatua.

Mama mwenzangu, tengeneza matangazo. Utamu wake nimeuonja, na leo tena nina jipya mkononi. Ila epuka haya:

Kuweka uso wa mtoto.
Kuweka jina lake, hata likiwa limefumwa, hata likiwa ndiyo kazi yako.
Kuacha kibao cha shule kionekane nyuma.
Kutaja saa anayotoka na njia anayopita.
Kumfanya mtoto kuwa kielekezi cha nyumba.
Kutuma ukiwa na furaha, kabla mwingine hajakagua.
Kufuta kwako ukadhani umefuta.