Mjumbe wa Watu Wake

Walipomteua Nchagwa kuwa mjumbe, alikuwa amemzika mwanawe wiki tatu tu zilizopita.

Koo mbili za Wakuria zilizooana miaka mingi zilikuwa zinachomeana nyumba karibu na mpaka, na ukoo wake ulikuwa unaelemewa. Ni watu wa mlimani tu, ukoo wa tatu, waliokuwa hawajachagua upande. Lakini ni hao hao waliompiga mshale Magige, mwanawe wa pekee, alipokuwa akitafuta ng'ombe waliopotea, wakidhani ni mwizi.

"Kwa nini mimi?" aliwauliza wazee waliojaa sebuleni.

"Akienda mwingine, watasema tunaficha kisasi," akajibu shemeji yake Sammy, macho chini. "Ukienda wewe, Mama Magige, wataamini."

Nyumba kumi na moja zilikuwa zimeshateketea. Jikoni alikuwepo Pauline, mjane wa Magige, na mimba ya miezi saba. Nchagwa akakubali.

Walikutana Migori mjini, katika kanisa la Mchungaji Zadock, Mjaluo wa Kendu Bay. Kwa ajili yake wakazungumza Kiswahili. Watu wa mlimani waliongozwa na Damaris, chifu mstaafu.

"Tutasimama na nyinyi," Damaris alisema. "Lakini uliandikisha ushahidi polisi, ukataja mtu wetu uliyemwona kwa mbali. Ufute. Hatuwezi kupigana bega kwa bega na watu wanaotufunga."

"Huyo mtu yuko hapa?"

Mwanamume mwenye mvi akasimama, akavua kofia. "Ni mimi, mama."

"Mwanangu alisema nini?"

"Aliomba maji."

"Ulimpa?"

Akatikisa kichwa kukana. Mchungaji akapendekeza wapumzike kidogo.

"Hapana," Nchagwa akasema. "Tukipumzika, sitarudi ndani."

Kesho yake alikwenda kituoni, akasema hakuona vizuri siku ile, kwamba alikosea mtu. Askari akaandika maneno hayo.

Habari za muungano zilipoenea, maadui waliomba mazungumzo kabla mwezi haujaisha. Hakuna nyumba nyingine iliyochomwa. Wazee walichinja fahali, wakamsifu Nchagwa mbele ya watu wote. Siku hiyo hiyo Pauline alisikia kuhusu ule ushahidi uliofutwa.

"Mama, ni kweli?"

"Nilikuwa nafikiria mtoto aliye tumboni mwako."

"Huyu mtoto alikuwa na baba. Umemuuza."

Pauline akafunga nguo zake, akarudi kwao Magunga.

Miezi miwili baadaye, Nchagwa alipiga simu. Dadake Pauline akapokea, akamwambia ni mvulana, mzima, na analia kwa nguvu.

"Mmempa jina gani?"

Akasikia simu ikipokezwa, kisha pumzi za Pauline, na nyuma yake kilio chembamba cha mtoto. Akauliza tena, polepole. Pauline akakata.

Tangu hapo simu zake hazijapokelewa. Nchagwa bado hajui mjukuu wake anaitwa nani.