Bonyeo la Madigadi ya Kushoto

Jumatatu asubuhi Mjomba aliliingiza gari lake la zamani kwenye karakana ya mpwa wake, akalizima, akashuka na kitambaa mkononi, akaanza kufuta mlango ambao ulikuwa unakwenda kupigwa msasa hata hivyo. Ndivyo alivyokuwa. Kwenye ukoo, kila kikao yeye ndiye mwenyekiti, kila ugomvi yeye ndiye mpatanishi, na shati lake halikuwahi kuonekana na mkunjo.

“Sitaki makeke,” alisema. “Ondoa stika, ondoa hilo bawa la nyuma alilobandika mwanangu. Jumamosi linambeba bibi harusi. Nataka watu waseme hili ni gari la mtu mzima.”

“Rangi gani, Mjomba?”

“Bluu iliyokolea. Ile ambayo mpaka uisogelee ndiyo ujue kwamba si nyeusi.”

Fundi alikubali kwa furaha. Mjomba ndiye aliyemsomesha ufundi wa bodi mama yake alipofariki, tena akamnunulia nyundo zake za kwanza. Mama aligongwa kando ya barabara akitoka kazini, na gari lililomgonga halikusimama. Msibani Mjomba alilia kuliko watu wote, mpaka ikabidi ashikwe.

Fundi alianza kazi. Aling'oa bawa, akalainisha stika kwa maji ya moto zikabanduka, akasugua taa za mbele zilizokuwa zimeingia manjano mpaka zikarudi kuwa kioo. Kwenye bodi hakuyategemea macho yake. Aliyafumba, akapitisha kiganja taratibu, na kwenye madigadi ya kushoto kiganja kikasita. Alipokwangua alikuta puti nene, kazi ya fundi mwingine, ya haraka haraka, na chini ya puti bonyeo. Alilinyoosha kwa nyundo kutoka ndani, akapiga praima, akalifunika gari kwa turubai.

Asubuhi bonyeo lilikuwa limerudi. Alilinyoosha tena, na kesho yake likawa palepale, praima juu yake haijapasuka hata kidogo. Mchomeleaji wa jirani alikuja kuangalia, akasema bati la magari ya zamani halisahau, akaomba kuazima koleo.

Mama wa fundi alikuwa akija karakanani kila siku jua likizama, tangu wiki aliyozikwa. Hakuwa na maneno. Alikaa kwenye kigoda cha mlangoni, akamtazama mwanawe akinawa mikono, na giza likianza kuingia aliondoka. Watu walishazoea. Mchomeleaji akiwa amekalia kigoda saa hiyo, aliinuka na kukipangusa.

Jumatano turubai lilikuwa limeondolewa, rangi ya kwanza imekauka, na mama hakwenda kwenye kigoda. Alilizunguka gari, akaigusa ile bluu kama mtu anayechagua kitambaa dukani, kisha akaegemea madigadi ya kushoto. Nyonga yake iliingia kwenye bonyeo kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Fundi aliacha bomba likimwaga maji.

Mama alipoondoka, fundi aliona kwamba ndani ya bonyeo kulikuwa na vijibonyeo vingine vidogo, vimekaa pamoja. Akaenda kuchukua funguo za mama zilizoning'inia msumarini. Mama alikuwa akizifunga kiunoni kila siku, na hospitali walizirudisha zikiwa zimepinda. Aliziweka pale, zikakaa, hakuna hata jino lililobaki nje. Alijua ni nani aliyemgonga, na alitamani asingejua. Akaketi sakafuni akalia kwa sauti, na mchomeleaji akazima mashine yake kumwachia nafasi.

Ijumaa jioni Mjomba alikuja. Gari lilikuwa limependeza kwelikweli: bluu imetulia, ukanda wa kromu umenyooka mlango hadi mlango, magurudumu safi, hakuna kitu kinachopiga kelele. Bonyeo nalo lilikuwa limepigwa rangi na kung'arishwa sawa na pengine pote, maana fundi hakujua kufanya kazi nusunusu. Mama alikuwa ameliegemea.

“Mjomba, hapa uligonga nini?”

“Mbuzi. Zamani sana.”

“Mbuzi mwenye funguo?”

Mjomba alizitazama funguo mkononi mwa mpwa wake, akamtazama dada yake, akakikunja kitambaa chake vizuri.

“Mpwa wangu, harusi ni kesho.”

“Sitaki polisi, sitaki kikao. Sema tu kwamba ni wewe. Yupo hapa, anasikia. Sema mara moja, roho yangu itulie.”

“Nikisema leo, kesho nitasimamaje mbele ya watu?” Mjomba aliinama, akapima bonyeo kwa kiganja. “Hapa tutaweka maua, hakuna atakayeona. Kazi nzuri sana. Umenitoa kimasomaso.”

Fundi alisubiri. Mjomba alikuwa amemaliza. Mama aliinuka kutoka kwenye bonyeo, akafungua mlango wa abiria, akaketi mbele. Mwanawe alimwita, naye hakugeuka. Mjomba aliingia upande wa pili, akainama akamsogezea kiti nyuma kidogo ili apate nafasi ya miguu.

“Dada, funga mkanda,” alisema. “Siku hizi watu wanaendesha ovyo.”

Mama alifunga mkanda. Mjomba akawasha indiketa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia barabarani polepole.

Fundi alizirudisha funguo msumarini. Kesho yake jua likizama, mchomeleaji alikuja akasimama mlangoni.

“Haji leo?”

“Amehamia kwa kaka yake.”

“Basi hiki kigoda nikikalie?”

Fundi alimaliza kunawa mikono kwanza, akaifuta kidole kimoja kimoja.

“Kalia,” alisema.