Barua za Kila Mwezi za Bwana Omari

Kule Mhezi, juu kwenye milima ya Upare, barua haikuwa siri ya mtu. Mfuko wa posta ulipandishwa kutoka Same hadi misheni, na Jumapili ibada ikishakwisha, mwinjilisti Simeoni alisimama mlangoni mwa kanisa akaita majina kwa sauti ile ile aliyohubiria. Wengine waliitwa mara moja kwa mwaka, tena kwa habari za msiba. Hezroni mwenye duka aliitwa kila mwezi.

Mwanzoni alijisikia mkubwa. Alipita katikati ya watu kifua mbele, akaipokea bahasha na kuitia mfukoni taratibu ili wamwone vizuri. Aliyemwandikia ni Omari, mwenye duka la jumla kule Same, ambako Hezroni alinunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Omari alikuwa na mtindo wake: kila mwenye kiduka aliyenunua kwake alimwandikia kila mwezi, awe na haja asiwe nayo. Salamu, habari za watoto, kisha maswali. Kahawa imezaaje huko? Watu wanataka nini? Hezroni alijibu yote, tena kwa raha, maana nani mwingine aliwahi kumuuliza jambo?

Ndipo serikali ya Mwingereza ikaleta kodi mpya, mbiru, ambayo kila mtu angepimwa mali yake kwanza ndipo atozwe. Upare mzima ukachemka. Watu wakaanza kuficha mbuzi, wakaanza kutazamana. Haikuchukua muda macho yote yakatua kwa mtu mmoja, yule anayeandikiana na Same, penye boma la serikali, kila mwezi.

Hakuna aliyemwambia kitu, na hilo ndilo lililomchoma. Honorata, mteja wake wa siku zote, akawa anavuka bonde zima kufuata chumvi kwingine. Hezroni akitokea mahali, mazungumzo yanageuka kuwa habari za mvua. Siku moja alimsikia jirani yake Kaanaeli akisema nyuma ya ua, "Mtu anakula nasi hapa, halafu anatuandika kule."

Hezroni naye akaingiwa na shaka. Kwani huyu Omari anataka nini hasa? Kahawa ya watu inamhusu nini muuza sabuni? Akayakumbuka majibu yake, jasho likamtoka. Katika barua ya mwisho alikuwa ameandika: "Kaanaeli amemnunulia mkewe cherehani, kwa hiyo niwekee nyuzi na sindano."

Alfajiri moja akateremka Same kwa miguu. Alimkuta Omari dukani, anakunywa chai na karani mmoja wa serikali. Karani alipomwona alimaliza kikombe haraka, akaaga. Labda alikuwa na kazi zake. Labda.

"Bwana Omari, barua zangu unazisoma na nani?"

Omari akacheka. "Nizisome na nani? Wateja wangu wote nawaandikia, bwana. Nisipowajulia hali, watanikumbuka kwa lipi?"

"Basi mimi usinijulie hali. Nikitaka mzigo nitakuja mwenyewe."

"Nimekukosea nini, Bwana Hezroni?"

"Hujanikosea. Acha tu."

"Haya," akasema Omari, uso umemshuka. "Sitakuandikia tena."

Hezroni aliupanda mlima mwili mwepesi. Mwezi ukaisha, mwinjilisti akaita majina, la kwake halikuitwa. Akageuka huku na huku kuona kama wamesikia. Walikuwa wamesikia. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe Eliwaza, aliyekuwa akigombana na wanawake kisimani kwa ajili yake, "Sasa watanyamaza."

Wiki ile ile karatasi za kodi zikafika. Kaanaeli aliingia dukani na ya kwake mkononi.

"Wameandika ng'ombe wangu, sawa, wanaonekana," alisema. "Wameandika na cherehani. Cherehani nimeifungia chumba cha ndani, na hakuna mpimaji aliyevuka kizingiti changu."

Hezroni aliinama akaitazama ile karatasi.

"Na barua zako naona zimekoma," Kaanaeli akaendelea.

"Zimekoma! Nimemkataza mwenyewe!"

"Ndiyo. Kazi ikishakwisha, barua za nini tena?" Akatoka bila kuaga.

Eliwaza alikuwa pembeni anafungasha chumvi, amesikia yote. Hezroni akamgeukia, akingoja alipuke kama kawaida yake, amfuate Kaanaeli njiani na maneno makali. Eliwaza hakuondoka. Aliiweka chumvi chini.

"Baba Tumainieli," alisema polepole, "hiyo cherehani ulimwandikia Omari?"

Hezroni aliona aibu hata akashindwa kumtazama. "Nilikuwa naagiza nyuzi tu, mama. Nyuzi na sindano."



"Na kwa kaka yangu Aminieli, walikoandika hata kahawa aliyoificha darini," Eliwaza akauliza, "uliagiza nini?"