Callistus na Mirija Yote

Hebu nikutegee hiki kabla chai yako haijapoa. Nikitupa moja, narudishiwa mia. Nisiporudishiwa hata ile moja, nalala njaa. Mimi ni nani?

Usikimbilie kusema mkulima. Kila mtu husema mkulima. Mkulima akikosa mavuno bado ana kuku wa kuchinja na shemeji wa kumwomba muhogo. Huyu wangu hana hata kuku. Kaa nacho. Mwanamume mmoja alikaa nacho siku nne nzima, tena mwenye akili zake, na nusura anipotezee kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga chupa. Cheka, mjukuu wangu, nakuruhusu. Ilikuwa mwaka wa pili tangu tupate uhuru, na kaka yangu Emojong alikuwa na bendi pale Malaba. Iliitwa Kizuizi Jazi, kwa sababu tulifanyia mazoezi nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwenye kile kizuizi cha barabara ambapo malori husimama kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Emojong alipiga gita. Ochom, fundi wa baiskeli, alipiga ngoma. Mimi nilishika chupa ya soda, ile yenye mistari mistari, nikaikwaruza kwa msumari, kwere-kwe, kwere-kwe, huku nikiitikia nyimbo. Bila chupa wachezaji hawajui mguu uende wapi. Sijisifu. Muulize yeyote aliyecheza dansi miaka ile.

Basi mwimbaji wetu akavuka kwenda Tororo kununua viatu. Akapata viatu, akapata na mke, hakurudi.

Wiki hiyohiyo Mzee Bashir akatuma habari kutoka Busia. Mzee Bashir alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, na alikuwa na ukumbi mkubwa wa mabati karibu na soko. Alisema Jumapili kuna arusi ya watu wa Amukura, Wateso wenzetu, na ukumbi utajaa. Tukiwachezesha, ukumbi ni wetu kila Jumapili mchana, mwaka mzima. "Lakini nawajua wale wazee," alisema. "Wakiwa bado wamekaa vitini ikifika saa kumi na moja, mwaka huo nawapa wale wa bendi ya Kisumu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, nasi bendi haina mdomo.

Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha stesheni. Nikasikia sauti inatoka ndani ya behewa la simenti. Sauti gani hiyo! Inapanda, inavunjika kidogo katikati, inapanda tena. Nikaacha mayai yangu nikaenda kuchungulia. Kijana mrefu, mweupe kwa vumbi la simenti kama mtu aliyepakwa unga, ana mfuko begani na anaimba Kiingereza.

"Wewe," nikamwambia, "nani alikufundisha kulia hivyo?"

"Hii si kulia, dada. Hii ni roki."

Aliitwa Callistus, mtu wa Khunyangu kule Butula, si Mteso. Alikuwa amefanya kazi miaka mitatu Nakuru, jikoni kwa Mzungu mmoja mwenye sahani za santuri, na kila akiosha vyombo anaimba. Mzungu akarudi kwao, Callistus akarudi kwao, roki ikabaki kooni.

"Unaweza kuimba mbele ya watu?"

"Naweza kuimba mbele ya simba."

Nikapenda jibu hilo. Lakini mimi mtu nisiyemjua humpima kwa kitendawili, ni tabia yangu tangu darasa la pili, kwa hiyo nikamtegea hiki nilichokutegea wewe. Akajibu papo hapo, "Mkulima."

"Hapana."

"Mlima, basi. Ukipiga kelele unarudisha."

"Mlima unarudisha moja ileile. Mimi nimesema mia."

"Nitakuambia kesho," akasema, akanunua yai.

Kesho yake alifika kwenye mazoezi amevaa suruali iliyombana mpaka nikawahurumia magoti yake. Nywele amezilaza kwa mafuta, zinang'aa kama mandazi. Ochom akamtazama juu mpaka chini. "Boss, hiyo suruali umevaa ama umeshonewa ukiwa ndani?"

"Utaiomba, mzee. Ngoja tu."

Akaimba. Mama yangu! Kuku walitoka uani. Alitupa kichwa, alipiga goti, alizunguka, na sauti haikukosea hata mara moja. Tatizo ni kwamba haikusimama hata mara moja. Emojong alijaribu kuingiza gita lake, akakuta mlango umefungwa. Ochom akatafuta pa kuipa ngoma neno lake, hakupata. Mimi nilikuwa na kiitikio tayari mdomoni, nikakimeza.

Alipomaliza, jasho linamtiririka, Emojong akaweka gita chini taratibu. Kaka yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Callistus, ulishakaa kwenye chungu cha pombe ya Wateso?"

"Bado, mzee."

"Chungu kinakaa katikati. Watu wanazunguka, kila mtu na mrija wake mrefu, mnavuta pamoja mkiongea. Wewe umekuja, umeshika mirija yote. Sisi unataka tutazame tu vile koo lako linacheza."

Ochom akaangua kicheko. Callistus hakucheka. "Mzee, roki ndiyo hivyo. Ukiacha nafasi, moto unazima."

"Basi hatufai. Tutafute mwingine."

"Mwingine yuko wapi?" nikauliza. "Leo Alhamisi. Utamtoa wapi, mfukoni? Sauti kama hii haijapita hapa tangu reli ijengwe. Kukaa na watu anaweza kufundishwa. Koo hafundishwi mtu."

"Apeduno, wewe ndiye umemleta."

"Ndiyo, mimi. Na Jumapili ataimba."

Emojong akaokota gita lake. Tulinyonya ziwa moja. Alijua sirudi nyuma. "Sawa. Ataimba. Lakini wazee wakibaki vitini, gita nalitundika, narudi kubeba mizigo reli. Na wewe chupa yako unaiweka chini. Usiniombe tena kiti katika bendi yoyote yangu."

"Nimekubali," nikasema. Sikuwa na hofu. Labda kidogo, lakini hiyo niliificha chini ya kanga.

Siku mbili zilizobaki nilimfuata Callistus kama kodi. Nikamwambia aache nafasi. Akasema ameacha. Nikamwambia aiache kubwa inayotosha mtu kupita. Akasema hiyo si nafasi, hiyo ni shimo. Nikamwuliza jibu la kitendawili. Akasema ni mwenye duka. Nikamwambia mwenye duka akitupa moja akirudishiwa mia, huyo ni mwizi.

Jumapili tukapanda lori la ngozi la Mzee Bashir mpaka Busia. Tulifika tunanuka, lakini tumefika. Ukumbi umejaa: wazee wa Amukura mstari wa mbele, makoti mazito na fimbo katikati ya magoti, nyuma yao akina mama wametoka kanisani na leso kichwani, pembeni wafanyabiashara wa Busia na Waganda wachache waliovuka kuangalia. Mzee Bashir mwenyewe amesimama mlangoni, kofia safi, saa mkononi.

Callistus akaanza. Wimbo wa kwanza, akapiga goti. Wazee wakamtazama vile unavyomtazama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Wimbo wa pili, akajitupa chali kabisa. Nikamsikia mzee mmoja akimwuliza mwenzake, "Huyu ameumwa na nini?" Mwenzake akasema, "Siafu." Wimbo wa tatu, wa nne. Vijana wawili walicheza kidogo kwenye kona, wakaona aibu, wakakaa. Nikamwangalia Mzee Bashir. Akainua mkono na kunionyesha saa: kumi na nusu.

Emojong alikuwa ameanza kufunga kamba ya gita begani kama mtu anayejiandaa kuondoka. Msumari ukateleza mkononi mwangu kwa jasho. Nilisema moyoni, chupa yangu, tumefanya kazi nzuri wewe na mimi.

Kisha Callistus akaanza wimbo wa tano. Ulikuwa wimbo alioutunga mwenyewe kule Nakuru, wa msichana anayemwacha, na maneno yake ya Kiingereza hayakuwa mengi. Kila mahali anamwambia huyo msichana, wewe nenda, wewe nenda. Kwa Kiingereza chake ilikuwa "yu go". Mabati yalikuwa yamewakiwa na jua tangu asubuhi, nyimbo nne zilikuwa zimemkausha. Akatupa kichwa nyuma, akapaza kwa nguvu zote zilizobaki:

"Yu gooo!"

Pumzi ikamwishia hapo hapo. Akanyamaza, mdomo wazi, anatafuta hewa.

Na kutoka katikati ya akina mama, shangazi wa bwana arusi, Mama Anyait, mwanamke mnene mwenye adabu zake, akajibu kwa sauti ya heshima kabisa:

"Yoga noi!"

Wewe hujui Kiteso vizuri, kwa hiyo nitakueleza. Yoga ndiyo salamu yetu. Mtu akikuambia "Yoga," unamjibu "Yoga noi," hata kama una hasira naye, hata kama una chakula mdomoni. Salamu isiyojibiwa ni tusi. Mama Anyait alisikia kijana wa watu, baada ya kuhangaika sakafuni muda wote ule, hatimaye amekumbuka kusalimu. Angefanya nini? Akajibu.

Callistus akageuka kunitazama, macho yamemtoka. Hakuelewa kitu. Katika ule ukimya mimi nikakwaruza chupa, kwere-kwe, kwere-kwe, nikamfanyia ishara kwa kidevu: tena!

"Yu go!" akasema, safari hii kama anauliza.

"Yoga noi!" Sasa haikuwa Mama Anyait peke yake. Mstari mzima wa akina mama, na wazee watatu wa mbele, fimbo zikigonga sakafu.

Nilimwona akielewa. Ilipita usoni pake kama mtu aliyewasha taa chumbani. Akasimama wima. Akafuta jasho. Hakupiga goti tena. Akanyoosha mkono upande wa wazee, akatupa neno moja tu, fupi, kisha akafunga mdomo:

"Yoga!"

Ukumbi mzima ukamrudishia. Waganda nao wakaitika, na hata hawakujua wanaitikia nini. Na katika ile nafasi aliyoiacha Emojong akaingia na gita, akaingia kama mtu aliyesubiri mlangoni tangu Alhamisi. Ochom akafuata na ngoma yake. Callistus akairudisha ile sauti yake ya kuvunjika katikati, ya roki yenyewe, hakuibadilisha hata kidogo, ila sasa anatupa na kungoja, anatupa na kungoja. Akamsalimia bibi arusi, akaitikiwa. Akamsalimia Mama Anyait, na Mama Anyait akainuka kabisa, akavua viatu, akaviweka juu ya kiti chake. Mzee yule wa siafu akampa jirani fimbo ashike. Jirani akakataa kushika fimbo ya mtu, kwa sababu naye alikuwa amesimama.

Saa kumi na moja nilitazama mstari wa mbele. Vitini vilikuwepo viatu na kofia tu.

Tulicheza mpaka jua likaanza kulala upande wa Uganda. Watu walipotoka, Mzee Bashir akaja jukwaani, akazima tabasamu haraka kwa sababu alikuwa mtu wa biashara. "Jumapili ijayo mje mapema," akasema. "Na lori mtapanda la pamba, si la ngozi. Wageni wangu wamelalamika harufu."

Emojong akakung'uta gita lake. Kisha akamgeukia Callistus. "Sasa nieleze, kijana. Ulikuwa unatusalimu ama ulikuwa unaimba Kiingereza?"

"Ya kwanza ilikuwa Kiingereza, mzee."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa sijui."

Ochom akacheka mpaka akakaa juu ya ngoma yake. Emojong naye akacheka, jambo ambalo halikutokea kila mwezi, akamwambia Callistus awe nyumbani kwake Jumanne kwa mazoezi, na kwamba kwenye chungu atakuta mrija wake, mmoja.

Mimi nilikuwa naifunga chupa yangu kwenye kanga ili isivunjike njiani. Callistus akachuchumaa karibu yangu, polepole kwa sababu ya ile suruali. Sauti ilikuwa imemkauka, imebaki kama msumari kwenye chupa.

"Apeduno. Yule wako wa kutupa moja akarudishiwa mia."

"Enhe. Leo ni nani? Mwenye duka tena?"

"Mwimbaji," akasema. "Lakini mpaka anyamaze."