Opondo Akataa Kushuka

Mama mwenye mwana mgodini, sikia. Opondo, mtu wa ziwani, alikuwa mgeni katika kazi ya kukagua lifti kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Kisii. Desturi ilikuwa mkaguzi atangulie kushuka peke yake, ndipo wachimbaji wafuate.

Asubuhi moja alikuta kamba ya chuma imeanza kukatika nyuzi. Akafunga lango la lifti, wachimbaji wakisubiri nyuma yake.

"Shuka, bwana!" msimamizi Nyamongo akafoka. "Ama nyinyi watu wa ziwani mnaogopa shimo?"

"Naogopa kamba hii. Sishuki."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Lakini hawa nani atawatangulia? Wewe?"

Nyamongo akatazama shimo, akarudi nyuma hatua moja. Wachimbaji wakaketi chini wote.

Jioni kamba mpya ilifungwa. Opondo alikuwa ameshafukuzwa, akaenda zake akipiga mluzi.