Boti ya Kituo cha Kallumadu

Nagaveni alitaka swali moja tu liandikwe, na Mallavva alikataa kuliandika.

"Hilo peke yake halitoshi," alisema Mallavva, vidole vyake vikiwa vimetulia juu ya mashine ya taipu. "Ukiwauliza polisi kama wana boti, watakujibu ndiyo. Wana boti, wana ndege, wana huruma. Waulize iko wapi na ina hali gani. Halafu omba uende ukaione kwa macho yako. Sheria ya haki ya kupata taarifa inakuruhusu."

"Mimi nataka kujua kama ilikuwepo. Basi."

"Mama Kotresha, nimekaa chini ya mwavuli huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Najua wanavyojibu. Niachie mimi."

Mallavva alikuwa mjane aliyewaandikia watu maombi yao nje ya ofisi ya tarafa. Kwenye paji la mashine yake kulikuwa na mistari ya manjano na doa jekundu lililofifia, mabaki ya sikukuu ya zana, siku ambayo kila mtu wa Kallumadu, kuanzia kinyozi hadi dereva wa basi, hukiosha kile kinachompa riziki, akakipaka rangi, akakivika maua na kukipumzisha. Aligonga ombi lote bila kusita, kisha akaisogeza karatasi kwa Nagaveni aweke dole gumba.

"Stempu ni rupia kumi," alisema. "Kwa rupia kumi unaitoa serikali jasho. Pale kwa muuza chai hupati hata bhajia mbili za maana."

Nagaveni alitabasamu kwa midomo tu. Uso wake ulikuwa umeacha kitambo kufanya jambo lolote kwa hiari yake.

Ilikuwa mvua za mwaka uliopita. Kotresha, mwanawe wa pekee, kijana aliyeanza tu kunyoa ndevu, alivuka maji ya magotini kwenda kwenye mwamba ulio katikati ya mto kumrudisha mbuzi wao. Huko juu wakafungua milango ya bwawa. Maji yalikuja ya udongo, bila kelele, na yakapanda. Mbuzi alijitupa akaogelea hadi ukingoni. Kotresha akabaki.

Nagaveni aliitwa kutoka uwanja wa pilipili, alikokuwa akichambua vikonyo pamoja na wanawake wenzake. Alikimbia na mikono inayowasha hivyo hivyo. Mwamba haukuwa mbali na ukingo, na walisikilizana.

"Amma, mbuzi amefika nyumbani?" Kotresha alimwita.

"Amefika."

"Basi ana akili kunizidi mimi. Kesho mpeleke yeye shule."

Watu ukingoni walicheka. Wakati ule bado kulikuwa na sababu ya kucheka. Kotresha alikuwa amevua shati na kulifunga kichwani. Alitaka kuogelea kwa mshazari hadi kwenye ngazi za hekalu kabla mto haujapata nguvu zaidi, na alikuwa mwogeleaji. Ndipo likaja gari la polisi, na Sajini Revanna akashuka.

"Mwambie atulie," alimwambia Nagaveni. "Asijaribu. Kituoni tuna boti. Naifuata sasa hivi."

Nagaveni akaweka viganja mdomoni akapaza sauti yake yote. "Usiogelee, mwanangu. Kaa hapohapo. Boti inakuja."

Kotresha hakuwa mtoto wa kutii. Siku ile alitii. Alilifungua shati kichwani, akalivaa, akafunga vifungo, akakaa kusubiri.

Gari liliporudi, mwamba ulikuwa hauonekani tena. Sajini alishuka mikono mitupu akasimama nyuma ya watu.

Baadaye yalisemwa mengi. Wengine walisema boti ilikuwa imeazimwa na kituo kingine. Wengine walisema Kallumadu haijawahi kuwa na boti. Halappa, mume wa Nagaveni, ambaye siku ile alikuwa mbali akikata miwa, alikamata hilo la pili na kulishikilia. "Kituo chenyewe choo chake hakina mlango," alikuwa akisema. "Boti wangeitoa wapi?" Juu ya maneno hayo aliutandika usingizi wake, na alilala.

Nagaveni hakulala. Kama boti ilikuwepo, basi alimwambia mwanawe ukweli, na ukweli ukachelewa. Kama haikuwepo, basi uongo wa mwisho aliousikia Kotresha duniani ulitoka kinywani mwa mama yake. Alitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Hakutaka mtu afungwe wala afukuzwe kazi. Alitaka kujua alimwambia nini mwanawe.

Ombi lilipokaa wiki kadhaa bila jibu, Sajini Revanna alikuja mwenyewe nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kizingiti kama mtu wa ukoo, akapokea chai kutoka kwa Halappa kwa mikono miwili.

"Mama, karatasi yako imefika," alisema. "Mkuu wa kituo amekasirika. Anauliza nani anakutuma."

"Mwambie nimejituma."

"Nimemwambia. Haamini. Anasema mchambua pilipili hawezi kujua kifungu cha sheria."

"Afande, huyu hata mimi hanisikii," Halappa aliingilia kwa upole. "Nimemwambia, ukilipata jibu utalifanyia nini? Utalichemsha tule?"

Sajini hakucheka. Aliizungusha bilauri ya chai mkononi. "Liondoe, mama. Nitakuandikia mimi mwenyewe kwamba boti ilikuwa kwenye matengenezo. Nitapiga mhuri. Utapumzika."

"Ilikuwa kwenye matengenezo?"

Sajini alitazama ndani ya bilauri.

"Utapumzika, mama," alirudia.

Nagaveni hakuliondoa. Jibu lilikuja likiwa na mihuri miwili, na Mallavva alimsomea mara mbili chini ya mwavuli. Kituo cha polisi cha Kallumadu kina boti moja ya mpira, ya watu wanane. Hali yake: nzuri. Ilipokelewa miaka sita iliyopita na haijawahi kutoka kituoni. Mwombaji anakaribishwa kuikagua siku ya Alhamisi.

"Ilikuwepo," alisema Nagaveni.

"Ilikuwepo," Mallavva aliitikia, lakini hakuonekana kufurahi. Alilikunja jibu taratibu, akiukandamiza mkunjo kwa ukucha. "Tutakwenda wote Alhamisi. Usiende peke yako."

Siku hiyo Nagaveni alirudi nyumbani mwepesi. Hakumwambia Halappa kitu. Alipika mchuzi wa dengu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, chumvi yake ilikuwa sawa. Ilikuwepo. Mwanangu, sikukudanganya. Alijisemea hivyo akikanda mkate wa mtama, na viganja vyake vikapiga unga kwa mdundo ule wa zamani.

Stoo ya kituo ilikuwa nyuma, baada ya rundo la baiskeli za wizi zilizoshikana kwa kutu. Sajini Revanna ndiye aliyekuwa na ufunguo. Mkuu wa kituo, mwanamume kijana mwenye masharubu yaliyotunzwa, alikaa kwenye kiti kivulini, akaagiza chai, akatoa simu yake kuonyesha kwamba jambo hili halimhusu sana.

Walitoka na sanduku. Walilibeba askari wawili wakaliweka uani, mbele ya Nagaveni.

Lilikuwa bado limefungwa mikanda ya chuma ya kiwandani, haijakatwa hata mmoja. Lakini upande wake wa mbele ulikuwa na rangi tele. Mistari ya manjano juu ya mistari ya manjano, madoa mekundu juu ya madoa mekundu, ya zamani yamekuwa kahawia, mapya yangali yanang'aa. Pembeni lilining'inia shada la maua makavu.

"Hizi alama ni za nini?" Nagaveni aliuliza, ingawa hakuna mtu wa Kallumadu asiyezijua.

"Za sikukuu ya zana," alisema Sajini. "Kila mwaka tunalitoa nje pamoja na bunduki na gari. Tunalipaka, tunalivunjia nazi. Halafu tunalirudisha."

"Hamjawahi kulifungua?"

"Pampu haikuja, mama. Boti ilitolewa na idara moja, pampu ilikuwa iletwe na idara nyingine. Tuliomba. Tukaambiwa tusifungue mpaka vitu vikamilike, tusije kudaiwa."

"Na siku ile?"

Revanna alivua kofia yake. Nywele zilizokuwa chini yake zilikuwa chache na zimelowa jasho. "Siku ile nilifika hapa nikalivuta mpaka mlangoni. Nilidhani labda pampu imo ndani, nikasoma maandishi ya ubavuni, nikaona haimo. Nikapiga simu kwa wazimamoto wa wilaya, wakasema wanakuja. Nikapiga tena. Halafu nikakaa juu ya sanduku. Sikuwa na uso wa kurudi mtoni."

Mkuu wa kituo aliinuka. "Basi, mama umeshaona. Weka dole gumba hapa, tumalize."

"Ameona sanduku, bwana mkubwa," alisema Mallavva. "Ombi linasema boti. Nililigonga mwenyewe, nalikumbuka."

"Sanduku ndiyo boti."

"Kwa hiyo ukioa utaletewa kabati badala ya mke?"

Askari mmoja alikohoa ili asicheke. Nagaveni hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amechuchumaa, ameweka kidole kwenye doa jekundu moja, lile jipya kuliko yote. Hilo lilipakwa baada ya Kotresha kufa. Alizikwa, mvua zikaisha, sikukuu ikafika, polisi wakalitoa tena nje wakalivika maua.

"Lifungueni," alisema.

Ilisemwa kwa sauti ya chini kiasi kwamba mkuu wa kituo alitikisa mkono kuruhusu kabla hajajijua. Mikanda ikakatwa. Ndani, boti ilikuwa imekunjwa vizuri kama nguo mpya ya dukani, imepakwa poda nyeupe isigandane. Walipoitandaza uani ilikuwa ngozi tu iliyolala, kubwa, haina umbo.

"Na upepo?" aliuliza Mallavva.

Askari walitazamana. Kisha, bila mtu kuamriwa, mmoja wao aligeuka kutazama nje ya lango, na wote wakageuka pamoja naye. Ng'ambo ya barabara, chini ya paa la bati, Dadapir mziba pancha alikuwa amechuchumaa akichovya tairi kwenye beseni la maji. Nyuma yake mashine ya kujazia upepo ilikuwa ikinguruma.

Aliitwa akaja akifuta mikono kwenye shuka lake. Alikagua tundu la boti kwa kidole, akasema mdomo wake ni mpana, ataufunga kwa kitambaa. Akavuta mpira wa upepo kuvuka barabara, akapiga kelele ng'ombe wasiukanyage, akauchomeka.

Boti ilipumua. Ubavu mmoja uliinuka, kisha wa pili, kisha pua yake ikainuka kutoka vumbini kama mnyama anayeamshwa. Mikunjo ikafutika mmoja baada ya mwingine. Ilijaa, ikakakamaa, ikaiziba nusu ya ua kwa rangi yake ya chungwa. Chai ya mkuu wa kituo, iliyoletwa mpira ulipochomekwa, ilikuwa bado inafuka moshi.

Dadapir aliipiga piga ubavuni kama anavyopiga tairi. "Kitu kizuri," alisema. "Haivuji popote. Mngeniita siku nyingi, mimi nipo hapo kila siku, hata mvua zikinyesha..."

Ndipo akamtazama vizuri mwanamke aliyesimama mbele yake, akamtambua. Alifunga mdomo. Akaanza kuukusanya mpira wake, akiuzungusha mkononi, macho chini, na alipovuka barabara hakugeuka.

Nagaveni aliizunguka boti yote. Alipofika alipoanzia alisimama. Alikuwa amekuja kuchagua kati ya mambo mawili, na sasa hakuwa na la kuchagua. Alikuwa amesema kweli. Uongo angejua namna ya kuulilia, angepiga kifua, angeomba radhi mtoni kila mwezi mwandamo. Ukweli huu hakujua aushike wapi.

"Mama," alisema Sajini Revanna nyuma yake. "Mimi sikukudanganya. Nilisema tuna boti."

"Najua, afande," alisema Nagaveni. "Hata mimi nilimwambia hivyo."

Aliweka dole gumba walipotaka aweke.

Njiani Mallavva alijaribu kuongea mara moja, kuhusu ombi jingine, la pampu, la majina ya wahusika, kisha akaacha. Kwenye njia panda alimshika Nagaveni mkono, akauachia, akashika njia yake.

Halappa alikuwa uani akimkatia nyati majani. Alimsikia mkewe akiingia, akamsikia akinawa miguu, naye aliendelea kukata. Mundu ulipanda na kushuka kwa muda mrefu kabla hajaongea, na alipoongea hakumgeukia.

"Haikuwepo, au siyo?"

Aliuliza kama mtu anavyoomba maji ya kunywa. Nagaveni aliutazama mgongo ule, mifupa ya mabega inayocheza chini ya fulana, na akajua kwamba neno moja tu lingetosha. Angempa, naye angelala. Lakini aliwahi kumpa mtu neno la kumtuliza, na mtu huyo akatulia.

"Ilikuwepo," alisema.

Mundu ulisimama hewani. Halappa aliushusha polepole, akauweka chini, makali yakitazama ukutani.

"Inabeba watu wangapi?"

"Wanane."

"Ina rangi gani?"

"Ya chungwa. Chungwa lililoiva."

Aliitikia kidogo kwa kichwa, kana kwamba alikuwa akiiona. Alikaa chini juu ya majani aliyoyakata, na Nagaveni akakaa ubavuni mwake.

"Ingefika mwambani?"

"Ingefika."

Nyati alisubiri, akachoka kusubiri. Akanyoosha shingo juu ya mabega yao, akaanza kuyavuta majani kutoka chini yao, kidogo kidogo, na hakuna kati yao aliyemfukuza.